Chini ya Bodi

Ukiletewa amplifaya iliyoundwa kwa mkono, usianze kuikagua juu. Juu kila mtu anajua kupamba: kapasita zimepangwa kwa kimo, waya zimefungwa pamoja vizuri, transfoma imekaa katikati inang'aa. Fungua skrubu nne za pembeni, nyanyua bodi, utazame mgongoni kwake. Pale, katika mwanya wa milimita chache ulio kati ya mgongo wa bodi na sakafu ya kasha la bati, ndipo ufundi unapojulikana.

Mwanya huo nimeuchungulia mara nyingi, zaidi katika vibanda vya Kariakoo na Ilala, Dar es Salaam, ambako bado wapo watu wanaounda amplifaya za misikiti, za kwaya, za baa na za kukodisha kwenye shughuli. Wengine hununua bodi zilizo tayari kutoka China, nao siwalaumu. Ninaowasifu hapa ni wale wanaotengeneza bodi yao wenyewe. Wanachukua kipande cha faiba kilichogandishwa shaba upande mmoja, wanachora njia za umeme kwa kalamu ya wino usiofutika, wanakizamisha kwenye feriki kloridi, yale maji ya kahawia yanayokula shaba isiyochorwa na kutia doa la kudumu kwenye shati, halafu wanatoboa tundu moja moja kwa drili ndogo ya mkono.

Bodi ya kiwandani huja na rangi ya kijani, na rangi ile haikuwekwa kwa ajili ya uzuri: inafunika njia zote za shaba na kuacha wazi sehemu za kulehemu tu. Bodi ya nyumbani haina kitu hicho. Mgongo wake mzima ni shaba tupu na lehemu tupu, kila mstari ukiwa na volti zake. Ukiilaza bodi ya namna hiyo juu ya bati umeshapiga shoti katika sehemu ishirini kwa mpigo.

Basi kwa nini wasitumie boksi la plastiki, au la mbao, shida iishe? Wapo wanaofanya hivyo, na amplifaya zao huvuma. Michael Faraday alionyesha mwaka 1836 kwamba chumba kilichozungushiwa chuma hukinga kilichomo ndani dhidi ya umeme wa nje. Saketi inayokuza sauti hafifu ya kipaza sauti hukuza pia kila takataka inayopita hewani, kuanzia taa za tyubu na chaja za simu hadi waya za ukutani, na kasha la chuma ndilo linalozizuia. Chuma pia hubeba joto kulitoa nje, na hustahimili kutupwa nyuma ya pikapu baada ya harusi. Kwa hiyo fundi anakihitaji chuma kikae karibu na saketi pande zote sita bila kuigusa, isipokuwa mahali pamoja alipopachagua yeye. Kazi yote ninayoisimulia hapa imo ndani ya sharti hilo.

Kinga ya kwanza ni hewa. Haiuzwi, haizeeki, haiungui, na ikichomwa na cheche hurudi ilivyokuwa. Fundi anaipata kwa vinguzo: nguzo fupi za shaba nyeupe au nailoni zinazoinua bodi kutoka sakafuni. Zisipopatikana, nimeona vikikatwa vipande vya mrija wa kalamu ya wino, vyote kwa urefu mmoja, vikasuguliwa msasa miisho yake, skrubu ikapita katikati. Kwa dharau ya haraka utaona ni ubahili. Kwa kweli plastiki ya mrija ule inahami vizuri, na vipande vinne vikilingana sawasawa bodi hukaa bila kupinda.

Vinguzo viwe virefu kiasi gani? Hewa kavu huvumilia takriban volti 3,000 kwa kila milimita, na umeme wa ukutani wa volti 230 kileleni mwake hufika 325 hivi. Kwa hesabu ya darasani, basi, sehemu ndogo tu ya milimita ingetosha. Lakini mafundi makini huacha milimita sita hadi nane kati ya sehemu yoyote yenye umeme wa ukutani na chuma, na hapo wanakubaliana na waandishi wa viwango vya usalama vya kimataifa, hata kama hawajawahi kuvisoma. Hewa ya ndani ya amplifaya haibaki kavu wala safi. Inaingia vumbi. Pwani inaingia chumvi, ambayo usiku wa unyevunyevu hunyonya maji na kutandaza juu ya bodi utando unaopitisha umeme. Wanaingia mende na sisimizi. Anaingia mjusi kafiri, ambaye hupenda joto la transfoma, na mwili wake una urefu wa kutosha kabisa kuunganisha laivu na kasha. Mafundi wa televisheni wa mwambao wote wana hadithi zao za mijusi waliokaushwa. Mimi huona milimita zile kuwa zimewekwa kwa ajili ya mjusi kuliko kwa ajili ya umeme wenyewe, na kitambaa cha wavu wanachobandika baadhi ya mafundi nyuma ya matundu ya hewa kinastahili heshima zaidi kuliko kinavyopewa.

Baada ya hewa yanakuja mambo ya mgongo wa bodi wenyewe. Kila rezista na kila kapasita ina miguu inayotokeza upande wa pili. Fundi wa pupa huikata kwa plaizi na kuiacha mirefu, yenye ncha kali. Amplifaya inakaa juu ya spika, spika inatikisika usiku kucha, na ncha zile zinasugua kilicho chini yake hadi kitoboke. Fundi mmoja wa Ilala niliyezoea kukaa kibandani kwake huikata miguu hadi kimo cha lehemu, kisha huigusa tena kila moja kwa pasi ya moto ili lehemu ijikusanye na kuwa mviringo. Akimaliza huchukua kipande cha pamba na kukipitisha polepole mgongoni mwa bodi. Pamba ikinasa nyuzi mahali, pana mwiba, na pasi inarudi pale. Vidole vyake vimekakamaa kwa kuungua miaka mingi, haviamini tena, ila pamba anaiamini.

Kinga inayofuata ni shuka: kitu chembamba kinachotandikwa sakafuni ili siku ambayo nguzo itavunjika au bati litabonyea, bodi ianguke juu ya kihami na siyo juu ya chuma. Katika kuchagua shuka tabia ya fundi huonekana wazi. Boksi la karatasi ndilo chaguo la mvivu. Karatasi hunyonya unyevu, na rezista ikiungua inashika moto. Tepu nyeusi ya umeme ndilo chaguo la mwenye haraka. Nilimsikia mwanafunzi mmoja akijitetea kibandani kwa fundi huyo wa Ilala, "Mzee, si nimeshapiga tepu safu mbili?" Mzee hakuinua kichwa. "Hiyo tepu ni ya leo, mwanangu. Boksi likipata joto, gundi itageuka uji, na tepu itahama yenyewe ikuachie bati wazi. Utakuwa umemwekea mwenzako mtego."

Yeye mwenyewe hutumia picha za eksirei. Wagonjwa wetu huondoka hospitali na picha zao mkononi, zinakaa juu ya kabati hadi zisahaulike, na mwishowe zinafika kwa fundi. Ni plastiki ya poliesta yenye unene wa karibu milimita 0.18, ngumu, haipasuki kwa kukunjwa, na joto la kawaida la amplifaya haliilegezi. Kitu kimoja kinataka kuondolewa: ule utando wa jelatini wenye picha, maana jelatini hunywa maji. Anailoweka filamu kwenye jiki na maji, anaisugua, na mbavu za mtu fulani zinayeyuka na kuzama kitakoni mwa beseni. Kinachobaki ni karatasi angavu yenye rangi ya samawati kwa mbali. Anaikata kubwa kuliko bodi kwa kidole kimoja kila upande, halafu anazikunja kingo juu kama trei, ili skrubu iliyochomoka isiweze kuteleza chini yake. Mikunjo ile ya kingo ndiyo niliyoikosa katika vifaa vingi vya dukani vya bei kubwa.

Mafundi wengine hunyofoa shuka iliyomo ndani ya pawasaplai za kompyuta zilizokufa, ambayo imetengenezwa kwa kazi hiyohiyo. Wengine huomba vipande vya ile karatasi ngumu inayotumiwa na mafundi wa kusuka mota. Mahali penye joto kali, karibu na rezista kubwa za kauri, hubandikwa ule utepe wa rangi ya dhahabu ambao mafundi simu wote wanao. Unaitwa Kapton, na plastiki ya aina hiyo ndiyo iliyotandazwa safu tano kukinga darubini ya anga ya James Webb dhidi ya jua. Kariakoo inakinga betri za simu.

Lakini kilele cha kazi hakipo chini ya bodi. Kipo pembeni, pale transista za nguvu au chipu ya amplifaya inapokutana na hitisinki, lile pande la alumini lenye mapezi. Kwingine kote fundi anataka umbali, na hapa anautaka umbali pamoja na ukaribu: joto lipite, umeme usipite.

Chukua transista ya 2N3055, ile ya kale yenye umbo la kofia ya chuma, ambayo imepita mikononi mwa vizazi kadhaa vya mafundi redio. Kofia yenyewe ndiyo kolekta. Ukiifunga kwa skrubu moja kwa moja kwenye kasha, umelipa kasha lote volti za kolekta. Au chukua chipu ya TDA2030, inayouzwa kila duka la vipuri. Bati lake la mgongoni limeunganishwa kwa ndani na mguu wa tatu, ambao ni umeme hasi. Ikiwa saketi ina umeme wa upande mmoja tu, hasi hiyo ndiyo sifuri, na chipu inaweza kufungwa kwenye kasha bila kihami chochote. Saketi ikiwa na umeme wa pande mbili, tuseme volti 15 chanya na 15 hasi, bati lilelile sasa lina volti 15 chini ya sifuri, na skrubu ileile iliyokuwa salama jana leo inachoma fyuzi. Chipu haikubadilika wala kasha halikubadilika. Kwa hiyo fundi mzuri hakariri. Kila mara anauliza kipande hiki cha chuma kimeunganishwa na nini, na ukikaa naye utamsikia akijiuliza kwa sauti.

Jibu la kale la tatizo hili ni ulanga. Lile jiwe linalobanduka tabaka kwa tabaka, jembamba kuliko karatasi, lina sifa adimu: huzuia umeme kabisa na bado halidhuriki na joto. Kipande cha unene wa milimita 0.05 huzuia volti elfu kadhaa. Wajerumani walipotawala nchi hii walichimba ulanga katika milima ya Uluguru, Morogoro, na Waingereza wakaendelea. Valvu za redio za enzi hizo zilikuwa na vipande vya ulanga ndani ya kioo kushikilia viungo vyake. Siku hizi washa nyingi ni za mpira wa silikoni wa kijivu, rahisi kuweka na ngumu kuharibu. Bado nawapenda wanaotumia ulanga, kwa sababu hausamehe uzembe, na hivyo unamlazimisha mtu kufanya kila hatua sawasawa.

Hatua zenyewe ni hizi. Tundu likishatobolewa kwenye alumini, ukingo wake huwa na kidomo kikali kisichoonekana kwa macho. Kidomo hicho kitatoboa ulanga siku skrubu itakapokazwa. Fundi huchukua ncha ya drili kubwa kuliko tundu, anaishika kwa vidole bila mashine, na kuizungusha mara mbili tatu mpaka ukingo ulainike. Anapitisha ukucha. Halafu anapaka grisi nyeupe upande wa hitisinki na upande wa chipu, tabaka jembamba kiasi cha kuona chuma kwa chini, kwani kazi ya grisi ni kujaza vinyweleo vya chuma tu, na ikizidi inageuka blanketi. Ulanga uliopakwa vizuri hugharimu takriban nyuzi moja ya joto kwa kila wati inayopita. Ukiwekwa mkavu, hasara inaweza kuwa mara mbili, na chipu inayotoa wati thelathini haina nyuzi thelathini za kuchezea. Mwisho inakuja kola ndogo ya plastiki kwenye shingo ya skrubu, kwa sababu ulanga haufai kitu ikiwa skrubu yenyewe inagusa chipu kwa juu na hitisinki kwa chini. Kusahau kola ndilo kosa la wanafunzi wote.

Kisha anapima kwa mita, kati ya bati la chipu na hitisinki. Hapa pana ujanja ambao haukuandikwa kwenye karatasi ya chipu. Hitisinki nyeusi imepakwa oksidi, na oksidi hiyo nayo haipitishi umeme. Mita ikiguswa juu ya weusi itasema hakuna muungano hata kama chipu imepiga shoti kwa chini. Mzee wangu hukwaruza sehemu ndogo kwa ncha ya kisu hadi alumini ing'ae, ndipo anapoweka ncha ya mita. Wapo pia wanaotegemea weusi huo peke yake kuwa kihami. Mkwaruzo mmoja, nao wamekwisha.

Upande unaoingia umeme wa ukutani unahitaji moyo mwingine kabisa, maana huku anayekingwa ni mtu. Zamani watu waliuziwa redio za valvu zisizo na transfoma, ambazo chasisi yake ya chuma iliunganishwa moja kwa moja na waya mmoja wa ukutani. Kilichomtenga msikilizaji na kifo kilikuwa boksi la mbao na vifundo vya plastiki. Na tarehe 3 Mei 1972, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani Swansea, Wales, aliposhika kipaza sauti kilichokuwa na umeme kwa sababu mitambo haikufungwa ethi sawasawa. Mafundi wa muziki bado wanamtaja.

Ndiyo maana waya wa ethi, ule wa kijani na manjano, una bolti yake peke yake. Rangi ya kasha inakwanguliwa hadi chuma kitokee, inawekwa washa yenye meno, nati, halafu nati ya pili juu ya ya kwanza. Bolti hiyo haishiki transfoma wala bodi, kwa sababu fundi mwingine atakuja siku moja kufungua transfoma na atasahau kurudisha. Waya wa ethi huachwa mrefu kidogo kuliko laivu na nyutro, ili mtu akijikwaa kwenye kamba na kuing'oa, ethi iwe ya mwisho kukatika. Mahali kamba inapoingia pana pete ya mpira, isiyoruhusu ukingo wa bati kuikata. Nyumba nyingi zina soketi za matundu matatu ambazo tundu la tatu halielekei popote, na fundi analijua hilo. Analiunganisha kasha vilevile.

Sasa mahali pamoja pa kugusana. Sifuri ya saketi inaunganishwa na kasha katika nukta moja, kwa kawaida karibu na soketi za kuingizia sauti. Soketi zenyewe zinatengwa na bati kwa washa za faiba, na vinguzo vya bodi havigusi njia yoyote ya shaba. Zikipatikana nukta mbili, kasha linageuka kuwa waya, mkondo unazunguka ndani yake, na spika inaanza kunguruma. Fundi mwenye sikio hutambua ugonjwa kabla ya kushika bisibisi. Mngurumo wa hezi 50 hutoka ukutani, na aghalabu maana yake ni mzunguko wa ethi. Wa hezi 100 hutoka kwenye daraja la dayodi, na kapasita imechoka. Wa kwanza unakaribia noti ya Sol ya chini, wa pili ni Sol ileile oktava moja juu, na wapiga besi huitumia kuwatania mafundi kwamba amplifaya yao imekuja na besi yake.

Kupima kunafuata. Mita ya kawaida inatumia volti chache tu, kwa hiyo huona shoti iliyokwisha kutokea na haioni kihami dhaifu. Mwenye kipimo cha mega hupeleka volti 500 kati ya kasha na waya mbili za ukutani zilizounganishwa pamoja, swichi ikiwa imewashwa. Chini ya megaomu moja kazi inarudi mezani. Asiye nacho anakiazima kwa fundi umeme wa majumbani. Kisha amplifaya inawashwa kwa mara ya kwanza kupitia balbu ya wati 60 iliyofungwa kwa mfuatano. Kapasita zikijaa balbu hupepesa na kufifia. Ikibaki inawaka kwa nguvu zote, swichi inazimwa, na hakuna kilichoungua.

Hata hapo mzee hafungi mfuniko. Anamimina skrubu kwenye kiganja na kuzipima moja moja ubavuni mwa kasha kwa ukucha, kwani zote zina kichwa kimoja na hesi moja, lakini kati yake zimo za milimita sita na za kumi na mbili, na ile ndefu, kwenye kona ya kushoto nyuma, inafika hadi kwenye kapasita kubwa. Anazitenga ndefu kwenye kopo jingine. Mwanafunzi anaulizwa kwa nini, na asipojibu anaambiwa ainue mfuniko mwenyewe, aone.